Pima Fokasi Kabla ya Kubadili Kamera

Mwongozo huu ni wako kama unaishi Chanji, Sumbawanga mjini au kijiji chochote cha Ufipa na unajipatia riziki kwa picha za harusi, komunyo, kipaimara na mahafali. Una DSLR uliyoinunua ikiwa imeshatumika. Picha nyingi zinatoka vizuri, lakini kila kazi ina chache ambazo jicho la bibi harusi lina ukungu na hereni ndiyo iliyotoka kali. Wenzako wa Mbeya na Dar es Salaam wanakwambia dawa ni moja: uza hiyo, nunua mirolesi, yaani kamera isiyo na kioo.

Huenda wako sahihi. Lakini pia unaweza kumaliza akiba ya msimu mzima au mkopo wa VICOBA, kisha ukakuta ukungu uko palepale. Mirolesi inatibu ugonjwa mmoja wa fokasi na kupunguza mwingine. Yaliyobaki haiyagusi. Kabla ya kutoa pesa, jua wako ni upi. Kipimo chake ni kazi ya mchana mmoja, na vifaa tayari unavyo nyumbani.

Kwa nini kamera ya kioo hukosea

Ndani ya DSLR, nyuma ya lenzi, kuna kioo kilicholazwa kwa pembe ya nyuzi 45. Kioo hicho hurusha mwanga mwingi juu, kwenye kidirisha unachochungulia. Sehemu yake ya kati hupitisha mwanga kidogo, nao hudakwa na kioo kingine kidogo kilicho nyuma yake na kusukumwa chini, kwenye sakafu ya kamera. Huko ndiko kilikokaa kifaa cha otofokasi. Kifaa hicho hulinganisha taswira mbili za kitu kilekile zilizopita pande mbili za lenzi. Zisipokutana, kinaiambia lenzi izunguke upande gani na kwa kiasi gani. Ndiyo maana DSLR hushika fokasi haraka.

Ukibonyeza, vioo vyote viwili hunyanyuka na mwanga hufika kwenye kihisi, kile kipande kinachoandika picha. Maana yake kamera imepima mahali pamoja na kupigia picha mahali pengine. Njia hizo mbili za mwanga zinatakiwa ziwe na urefu ule ule. Kamera ikianguka, kioo kidogo kikilegea baada ya miaka ya kupanda na kushuka, au bodi na lenzi zikitoka viwandani kila moja na tofauti yake ndogo, kipimo hakilingani tena na picha. Ni kama kupima gunia la mahindi kwa mizani ya nyumbani, kisha kulipwa kwa mizani ya mnunuzi.

Tofauti ndogo inatosha kukuharibia. Chukua lenzi ya 85mm iliyofunguliwa f/1.8, kwenye kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, na mtu amesimama mita 2 mbele yako. Eneo linalotoka kali lina kina cha sentimita 6 hivi kwa jumla, nusu mbele ya jicho na nusu nyuma yake. Fokasi ikirudi nyuma sentimita chache tu, sikio litakuwa kali na jicho litakuwa limepotea.

Mirolesi imebadilisha nini

Kwenye mirolesi kihisi chenyewe ndicho kinachopima fokasi na ndicho kinachoandika picha. Mizani imekuwa moja, na kosa la njia mbili kutolingana limeondoka.

Safari haikuwa ya siku moja. Panasonic ilitoa Lumix G1 mwaka 2008. Fokasi yake ilikuwa sahihi, lakini iliipata kwa kwenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta mahali penye ukali zaidi, jambo linalosumbua kwa watu wanaotembea. Baadaye watengenezaji wakaweka vipima fokasi vya haraka juu ya kihisi chenyewe. Canon ilifanya hivyo kwenye EOS 70D mwaka 2013, tena ilikuwa DSLR: ukipigia kwenye skrini yake, kioo kimenyanyuliwa na kihisi ndicho kinachopima. Mwaka huohuo Sony ikatoa A7, na mwaka 2018 Canon ikaja na EOS R, Nikon ikaja na Z 6 na Z 7. DSLR kubwa za mwisho za Canon na Nikon, EOS-1D X Mark III na D6, zilitoka mwaka 2020.

Faida ya pili ni kwamba kihisi kinaiona picha nzima, hivyo programu inaweza kutambua uso na jicho na kulifuata popote lilipo kwenye fremu. DSLR nyingi zimezikusanya nukta zao za fokasi katikati.

Lakini mirolesi haizuii mkono wako kutikisika wala haimzuii bwana harusi kucheza. Haisafishi lenzi yenye fangasi. Na ikiachwa ijichagulie, inaweza kushika jicho la msimamizi badala ya la bibi harusi.

KISANDUKU CHA 1: Ugonjwa ni upi?

Fungua picha zako mbovu kwenye kompyuta, uzikuze kwa asilimia 100, kisha linganisha.

- Kila kitu kina ukungu uliovutwa upande mmoja: mkono umetikisika. Ongeza kasi ya shata.
- Ukuta na viti vimetulia, mtu ndiye mwenye ukungu: yeye amesogea. Ongeza kasi ya shata.
- Jicho lina ukungu, sikio au mgeni wa nyuma ni mkali, na inatokea hivyo kila mara: fokasi inakwenda nyuma. Fanya jaribio lililo hapa chini.
- Mara inakwenda mbele, mara nyuma: nukta ya fokasi imekaa vibaya, mwanga ni mdogo, au lenzi haitulii. Fanya jaribio.
- Hakuna chochote kikali popote na picha ina weupe kama wa moshi: lenzi ina alama za vidole, umande au fangasi. Imulike kwa tochi kabla ya kuilaumu kamera.

Kasi za kuanzia: 1/200 kwa watu wanaotembea, 1/500 kwa wanaocheza. Ukipandisha ISO, chenga zitaongezeka, lakini mteja anavumilia chenga kuliko ukungu.

Jaribio la futi, hatua kwa hatua

Vifaa: tripodi (au meza imara na kifuko cha mchele cha kuegeshea kamera), boksi la majani ya chai lenye maandishi, ubao mdogo, na futi ya fundi cherehani.

1. Fanya kazi mchana, nje kivulini au karibu na dirisha kubwa. Taa ya usiku itakupa majibu ya uongo. Kukiwa na upepo wa kiangazi, ingia ndani.
2. Simamisha boksi wima, maandishi yakiitazama kamera. Pembeni yake laza ubao kwa mteremko na utandaze futi juu yake. Chagua namba moja ikae sambamba kabisa na uso wa boksi. Namba zilizo upande wako ndiyo "mbele", za upande wa pili ndiyo "nyuma".
3. Pima umbali: zidisha urefu wa lenzi mara 40. Kwa 50mm ni mita 2, kwa 85mm ni mita 3.4.
4. Fungua lenzi mpaka mwisho (f/1.8 au f/2.8), weka shata 1/250 au zaidi, na utumie saa ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera. Kama lenzi ina kizuia mtikisiko, kizime.
5. Chagua nukta moja ya katikati na uielekeze kwenye maandishi ya boksi. Futi usiiguse kwa nukta hiyo.
6. Piga picha 10 ukichungulia kwenye kidirisha. Kabla ya kila picha vuruga fokasi kwa mkono: mara tano upande wa mbali, mara tano upande wa karibu.
7. Bila kusogeza chochote, washa hali ya kupigia kwenye skrini na upige 5 nyingine. Hapa kihisi ndicho kinachopima, hivyo picha hizi ndizo za kulinganishia.
8. Zikuze zote na uandike kwenye karatasi namba ya futi iliyotoka kali kuliko nyingine.

KISANDUKU CHA 2: Namna ya kusoma majibu

- Kidirisha na skrini vinatoa majibu sawa: otofokasi ni nzima. Tatizo ni kasi ya shata, nukta unayochagua au mwanga. Usibadili kamera kwa sababu hii.
- Za kidirisha zote zinakosea upande mmoja, za skrini ni sahihi: vipimo vimepotoka. Soma sehemu inayofuata.
- Za kidirisha zimetawanyika mbele na nyuma, za skrini ni sahihi: hakuna rekebisho la menyu litakalosaidia. Jaribu lenzi nyingine. Zikiendelea kutawanyika, una sababu halali ya kwenda kwenye mirolesi.
- Za kidirisha na za skrini zote ni mbovu: lenzi ni mgonjwa. Ukiihamishia kwenye mirolesi kwa adapta, utakuwa umeuhamisha ugonjwa.

Kama vipimo vimepotoka: rekebisha bure

Kamera nyingi za daraja la kati na la juu zina menyu ya marekebisho madogo ya otofokasi. Kwa Canon utaipata kwenye 5D Mark II na zilizofuata, 6D, 7D, 70D, 80D na 90D. Itafute kwenye menyu ya AF au ya C.Fn. Kwa Nikon iko kwenye D7000 hadi D7500, D750, D810 na D850. Itafute kwenye menyu yenye alama ya spana. Canon ndogo kama 600D, 700D na 4000D hazina, wala Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000.

1. Chagua kurekebisha kwa lenzi moja moja. Kurekebisha zote kwa pamoja kutaziharibu zilizo nzima.
2. Kipimo kinaanzia −20 hadi +20. Fokasi ikienda nyuma, weka hasi; ikienda mbele, weka chanya.
3. Anza na 5, piga picha 5, soma futi. Ongeza au punguza hadi picha za kidirisha zilingane na za skrini.
4. Lenzi ya kuvuta inaweza kuhitaji namba tofauti ikiwa fupi na ikiwa ndefu. Canon kama 5D Mark III na 80D zinapokea namba mbili. Kamera yako ikipokea moja, rekebisha kwa urefu unaoutumia zaidi kazini.
5. Maliza kwa mtu: mwombe ndugu au jirani asimame mita 2, kisha mita 4, upige jicho lake. Futi imekuonyesha njia. Hukumu inatoka kwenye jicho.

Kamera isiyo na menyu hiyo usiikatie tamaa. Kwa picha za watu waliotulia, pigia kwenye skrini. Canon zilizokuja na kihisi cha aina ya 70D, kama 80D na 200D, zinashika fokasi haraka zikitumiwa hivyo. Au funga lenzi kidogo: ile 85mm ya mita 2 ikitoka f/1.8 kwenda f/4, kina cha ukali kinapanda kutoka sentimita 6 hadi 13 hivi.

ONYO: Ndani ya kamera kuna skrubu ndogo zinazopanga kioo. Usizizungushe, wala usimpe fundi simu azizungushe. Kama hata namba 20 haitoshi, mpelekee fundi wa kamera mwenye vifaa vya kupimia, tena mpe bodi na lenzi kwa pamoja.

Ukishaamua kuhama: ukaguzi wa kununua

Nyingi utakazoonyeshwa zitakuwa zimeshatumika. Usitume pesa kabla wewe au mtu unayemwamini hajaishika kamera yenyewe. Kagua haya:

☐ Lenzi zako zitafanya kazi? Lenzi za Canon EF hufunga kwenye EOS R kwa adapta ya Canon na otofokasi ikabaki. Kwa Nikon Z, adapta ya FTZ huendesha otofokasi ya lenzi za AF-S, lakini lenzi za zamani za AF-D zitabaki za kuzungusha kwa mkono, kwa kuwa adapta hiyo haina mota.

☐ Programu ya kamera ni mpya? Nikon Z 6 na Z 7 zilitoka bila uwezo wa kutambua jicho. Uliongezwa na programu toleo la 2.00 mwaka 2019. Ikiwa bado ya zamani, isasishe kabla ya kuihukumu.

☐ Ni ya kizazi gani? Mirolesi za mwanzo, kama A7 ya mwaka 2013, husuasua penye mwanga hafifu. Bei yake isikudanganye.

☐ Kihisi ni kisafi? Piga picha ya anga ukiwa f/16. Madoa yanayobaki palepale kwenye kila picha ni vumbi au mikwaruzo.

☐ Fokasi inafuata mtu? Mwombe mtu atembee akikujia, piga mfululizo, kisha hesabu ngapi zimeshika jicho.

☐ Betri ngapi zinakuja nayo? Kwa kipimo cha watengenezaji, betri ya Canon 6D Mark II hupiga picha 1,200, ya EOS RP 250. Nikon D750 hupiga 1,230, Z 6 hupiga 310. Sababu ni kwamba kihisi na skrini za mirolesi hufanya kazi muda wote kamera ikiwa imewashwa. Kazini utapata zaidi ya hapo ukipiga mfululizo, lakini betri moja haimalizi harusi. Piga hesabu ya betri tatu au nne kama sehemu ya bei.

Mipangilio ya siku ya kwanza

1. Weka fokasi endelevu: AF-C kwa Nikon na Sony, Servo kwa Canon. Hata mtu aliyesimama huyumba.
2. Washa utambuzi wa uso na jicho.
3. Ipe kitufe kimoja kazi ya kurudi haraka kwenye nukta ndogo moja. Kitufe hiki utakihitaji kuliko unavyodhani.
4. Tumia shata ya kawaida ndani ya ukumbi. Shata ya kielektroniki, ile ya kimya, huchora mistari ya giza kwenye picha chini ya taa nyingi za LED.
5. Fupisha muda wa kamera kujizima ili uokoe betri.

Mitego ya mirolesi ukumbini na kanisani

- Shela. Kamera inaweza kushika nakshi za shela badala ya jicho lililo nyuma yake. Hapa tumia ile nukta ndogo, uikuze picha na uhakiki kabla shela haijafunuliwa.
- Mistari ya mlalo. Vipima fokasi vya mirolesi nyingi husoma vizuri mistari ya wima na kusita kwenye ya mlalo, kama ngazi za altare. Inamisha kamera kidogo, shika fokasi, kisha inyooshe.
- Dirisha nyuma ya maharusi. Uso ukiwa gizani mbele ya mwanga mkali, kamera inaweza isiuone kabisa. Sogea pembeni au ongeza mwanga usoni.
- Taa nyekundu ya flashi yako ya zamani. Ile michoro myekundu iliyoisaidia DSLR kushika fokasi gizani kwa kawaida haifanyi kazi kwenye mirolesi. Omba taa za ukumbi zisizimwe zote wakati maharusi wanaingia, au tafuta taa ndogo ya LED.
- Umati. Watu kumi wakiwa kwenye fremu, kamera haijui nani ni bibi harusi. Mchague wewe.

Vumbi, baridi na umande wa Ufipa

Mirolesi nyingi zikivuliwa lenzi, kihisi kinabaki wazi mbele ya dunia, wakati DSLR ina kioo mbele yake. Kiangazi cha Ufipa kina vumbi na upepo, basi badilisha lenzi ukiwa ndani ya gari au chumba, kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake ukitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate huacha madoa. Tumia pampu ndogo ya mpira.

Juni na Julai asubuhi ni za baridi, na baridi hupunguza nguvu ya betri. Weka za akiba mfuko wa ndani wa koti.

Ukiitwa kazi Kasanga, kumbuka unashuka kutoka takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari hadi chini ya mita 800, kwenye joto na unyevu wa Ziwa Tanganyika. Lenzi iliyotoka na baridi itashika umande, na otofokasi itayumba. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto la mahali, ndipo uifungue.

Kabla ya harusi ya kwanza

☐ Nimefanya jaribio la futi kwenye mirolesi pia, ili nijue lenzi zangu ni nzima.
☐ Nimefanya mazoezi ya kufuata bodaboda barabarani, watoto wakicheza mpira na mtu akinijia kwenye korido yenye giza.
☐ Naweza kubadili kutoka utambuzi wa jicho kwenda nukta moja bila kuangalia vitufe.
☐ Betri zote zimejaa tangu jana yake, maana umeme unaweza kukatika asubuhi ya kazi.
☐ DSLR yangu iko begani kama kamera ya pili, imesharekebishwa.

Hilo la mwisho lina sababu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Bei ya DSLR iliyotumika imeshuka, kwa hiyo ukiuza yako utapata kidogo, lakini siku betri za mirolesi zikiisha katikati ya kukata keki, hiyo kamera ya zamani itaiokoa kazi yote. Na kama jaribio limekuonyesha kwamba tatizo lilikuwa shata ya 1/60, pesa ya mirolesi inunulie lenzi nzuri au flashi ya pili. Wateja wako wataiona tofauti kuanzia Jumamosi hii.